Kamba Tupu

Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja.
Nikajaza la jina, la simu, la makazi:
Kahawa West, ghorofa ya nne, lifti hakuna.
La saba likanikwama kooni kama mwiba wa samaki.
*Atakimbizwa na nani, saa ngapi, siku ngapi kwa wiki?*

Wanjala wa kituoni, mikono yake makovu matupu,
hakunitazama mimi. Alimtazama Stima
akizunguka bandani,
raundi, raundi, raundi,
mpaka udongo umechimbika mfereji wa duara.

"Tulimtoa Gikomba, nyuma ya vibanda vya mitumba,
amefungwa kwa waya. Mwaka mzima, mita mbili.
Sasa miguu yake inadai malimbikizo."

Mimi ni mhasibu. Malimbikizo nayajua.

"Huyu hulipwa alfajiri, hulipwa tena jioni,
na sikukuu haijui.
Usipomchosha atajichosha mwenyewe:
kwa kochi, kwa mlango, kwa viatu vyako vya kanisani,
kwa kubweka hadi landilodi apande ngazi.
Hapo usimlaumu yeye."

Nikasema nimempenda.
Akasema, "Kupenda si kilomita,"
akanipa kamba, bila mbwa.
"Mwezi mmoja. Tembea nayo. Kisha uje."

Siku ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri,
ngazi sabini na mbili, giza, baridi ya kung'ata masikio.
Ekai wa lango akamulika kamba kwa tochi,
akamulika chini ilikoishia, akanimulika usoni.
"Madamu, mbwa ametoroka?"
"Bado hajafika."
Akafungua lango polepole,
kama anayempisha mgonjwa.

Nilikimbia kando ya reli,
mkono mmoja mbele, nikivutwa na hewa.
Mama wa mandazi aliacha kupepea jiko.

Siku ya tisa mvua ilimwagika bila haya.
Nikajifunika: mbwa asiyekuwepo halowi.
Nikalala, lakini ndotoni
kucha zilikwaruza mlango, zikakwaruza, zikakwaruza.

Siku ya kumi na nne tulifunga mahesabu ya robo mwaka.
Nilirudi saa tatu usiku, viatu mkononi,
nikapiga hesabu ngazini, kwa kidato:
saa kumi na nne, chumba kimoja, dirisha moja,
na miguu minne iliyokwisha kufungwa mwaka.
Sikuila ile ndizi niliyonunua.

Jumamosi nikaenda Karura, nikalipa kiingilio.
Mbwa wa watu walipita, manyoya yamechanwa, ndimi nje.
Mtoto akauliza, "Mbona anatembeza kamba?"
Mama yake akamvuta upande wa pili wa njia.

Mwezi ulipokwisha nilihesabu.
Asubuhi ishirini na mbili kati ya thelathini.
Jioni tisa.
Ningeweza kuandika thelathini na thelathini,
nani angekagua?
Ila Ekai alikuwa langoni siku zote,
hata zile nane.

"Zamu yangu huanza saa kumi na mbili jioni," akaniambia.
"Saa kumi niko macho, nahesabu magari ya wenyewe.
Kwetu Lodwar mbwa hukimbia na mbuzi, nasi nyuma yao.
Jioni niachie mimi. Tupatane bei."

Tukapatana. Si bei ndogo.
Nikaitoa kwenye ile ya saluni, na ya chakula cha mchana Ijumaa.

Nikarudi kituoni na fomu.
Swali la saba, nikaandika kwa wino:
*Asubuhi mimi. Jioni Ekai, kwa malipo.
Nilishindwa siku nane. Nyingi zilikuwa za mvua.*

Wanjala alisoma, akarudia kusoma,
akakuna kovu moja la kiganjani.
"Masika ijayo?"
Nikamwambia nimenunua koti.
Hakucheka. Alichukua funguo.

Stima aliiona kamba mkononi mwangu,
iliyochakaa kwa mbwa asiyekuwepo,
akasimama.
Pumzi moja hivi.
Kisha akaendelea na raundi zake.